Kurudia Kidato cha Sita nikiitafuta Muhimbili: shajara ya mwaka mmoja na ushei

9 Septemba 2023: Nilipo leo

Matokeo yalitoka Julai nikiwa kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Siku tuliporuhusiwa kupiga simu, kaka alinisomea kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mafuta: Fizikia S, Kemia D, Baiolojia C. Daraja la III, pointi 13. Akanyamaza, nikanyamaza, salio likaisha.

Nimerudi Tanga wiki iliyopita. Naanza kuandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye cheti kama changu ambaye bado anautaka mlango uleule. Mlango wenyewe ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, pale Upanga, Dar es Salaam, na ninachokitaka ni udaktari wa tiba.

Kabla ya kulia ilibidi nipige hesabu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesoma miaka miwili bila kujua hesabu yenyewe. Ziko mbili, na zinakwenda kinyume. NECTA, Baraza la Mitihani, inapopanga daraja, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, kwa hiyo kadiri zinavyopungua ndivyo ulivyofaulu. Mimi: 6 na 4 na 3, ndiyo 13. Vyuo vikuu vinahesabu kwa mtindo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ambako A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu pointi. Huko mimi nina 5.5. Sharti la jumla la kuingia digrii ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye A hadi E, zikifika pointi 4. Kwa Kemia na Baiolojia nina 5. Kwa maneno mengine, mimi si mtu aliyefeli. Chuo kikuu naweza kwenda kesho.

Ila udaktari wa tiba unataka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue 6, na kila somo angalau D. S si prinsipo. Fizikia peke yake ndiyo imenifungia nje.

Njia nilizoziweka mezani: kuomba digrii nyingine inayonikubali, kusoma diploma ya tabibu miaka mitatu, nikitoka na wastani mzuri niombe udaktari kwa sifa linganishi, yaani kwa diploma badala ya Kidato cha Sita; kusoma Foundation, kozi ya maandalizi, ya Chuo Kikuu Huria; au kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Diploma ndiyo iliyonivuta, kwa sababu tabibu ana kazi mkononi hata asipoendelea. Lakini vyuo nilivyovipigia simu vilitaka zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na genge la mama haliwezi kuzaa hiyo. Foundation niliiacha kwa kuwa nilichokosa ni Fizikia, na Fizikia itanifuata popote.

Narudia. Masomo yote matatu, si Fizikia peke yake. D ya Kemia ingenifikisha kwenye kigezo tu, na kufika kwenye kigezo ni kupata ruhusa ya kupanga foleni. Mbele yangu kwenye foleni hiyo wamesimama watu wenye A.

14 Oktoba 2023: Usajili, na elfu 45 zilizokwenda na maji

Kosa la kwanza limekuja mapema. Nilikwenda kituo kilicho karibu na nyumbani, nikalipa 30,000 ya kituo, nikapewa risiti na tabasamu. Wiki mbili baadaye, nilipouliza ratiba ya vitendo, nikaambiwa wao wanasajili masomo ya sanaa na biashara tu, hawana maabara ya kufanyia mtihani wa Fizikia wala Kemia. Hela hairudi. Sikupigana sana, kwa sababu kweli sikuuliza, na wao kweli hawakusema.

Hadi nimepata kituo chenye maabara, Septemba ilikuwa imekwisha na dirisha la ada ya kawaida limefungwa. Badala ya 50,000 nikalipa 65,000 ya NECTA kwa waliochelewa, pamoja na 70,000 ya kituo kipya, ambayo ndani yake mna gharama za vitendo.

Kwa atakayefuata: swali la kwanza kwa kituo chochote, kabla hujatoa hata shilingi, ni "mna maabara, na mwaka huu mmesajili wangapi wa Fizikia?" Namba yangu ya mtihani sasa inaanza na P, ya watahiniwa wa kujitegemea, badala ya S, ya wanafunzi wa shule. Ikumbukeni hiyo P, itanisumbua mbeleni.

5 Novemba 2023: Kutafuta alama zilipopotelea

S ya Kidato cha Sita ni alama 35 hadi 39. E inaanzia 40, D 50, C 60, B 70, A 80. Nimeiandika ukutani juu ya kitanda. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijiambia "sijui Fizikia", jambo ambalo halina dawa. Sasa najua kuwa kati yangu na D kuna alama 11 hadi 15, na hilo unaweza kulifanyia kazi.

Nilijifungia chumbani nikafanya karatasi ya kwanza ya mwaka 2021 kwa saa tatu, simu kwa mama. Nikasahihisha kwa ukali: 34. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya shuleni, nikazihesabu alama 66 zilizopotea moja moja na kuandika sababu. Alama 21 zilikwenda kwa mada ambazo sikuwahi kuzisoma sawasawa. Alama 19 nilianza swali nikakwama njiani. Na alama 26, hizi ndizo zilizoniuma, nilijua jibu: nimesahau vizio, nimeruka hatua, nimesoma swali nusu, nimebadili sentimita kuwa mita kwenye mstari mmoja na kusahau kwenye unaofuata. Kama ningeziokota hizo 26 tu ningefika 60. C, bila kusoma mada mpya hata moja.

Kuna kitu NECTA wanachapisha kila mwaka ambacho shuleni kwetu sikuwahi kukisikia: uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, wenye picha za majibu mazuri na mabaya ya watahiniwa wenyewe. Unapakuliwa bure. Nilichapisha kurasa za miaka mitatu (steshenari 31,000 pamoja na mitihani ya nyuma, chapeni mbele na nyuma, mimi sikufikiria). Kwenye swali moja la mwendo wa vimiminika nilikuta jibu la mtu nisiyemjua lenye kosa langu hasa: ametumia kanuni ya Bernoulli vizuri, ila bomba limepanda na yeye ameacha kuingiza kimo. Nilicheka peke yangu usiku.

22 Desemba 2023: Tuisheni ya umati

Hapa nimepoteza miezi miwili na 120,000.

Kila mtu aliniambia nenda tuisheni fulani, ndiko wanakotoka wenye One, yaani daraja la I. Nikaenda. Tulikuwa zaidi ya mia chini ya bati moja, mwalimu ana kipaza sauti na utani mwingi, na kila siku tunanakili nukuu. Daftari langu lilinenepa. Nilipojipima tena mwanzoni mwa Desemba nikapata 37. Miezi miwili, alama tatu.

Simlaumu yule mwalimu. Anafundisha vizuri, ila anafundisha mada, na mimi nusu ya tatizo langu si mada. Mtu aliyeacha shule muda mrefu huenda angefaidika pale. Mimi nilikwenda kwa sababu kukaa kwenye umati kunamfanya mtu ajione anasoma.

Mama ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu mstaafu anayekaa mtaa wa pili, mteja wake wa nyanya.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mama yako ameniambia. Daftari lako la makosa liko wapi?"

"La nukuu ninalo hapa, mwalimu."

"Nimeuliza la makosa."

Sikuwa nalo. Akanirudisha nyumbani, wala hakunikaribisha ndani. Akasema nije siku nitakapokuwa na makosa 50 yaliyoandikwa, kila moja na sababu yake kwa mwandiko wangu. Nimeyafikisha jana. Kuanzia Januari tutakuwa wanne kwake, 40,000 kwa mwezi kila mmoja, jioni tatu kwa wiki. Hela yangu inatokana na watoto sita wa darasa la nne ninaowafundisha barazani kwetu kwa 500 kwa siku. Si haba, nao wamenifundisha kuandika hatua, maana mtoto wa darasa la nne ukiruka hatua anakuuliza.

3 Machi 2024: Vitendo

Karatasi ya tatu ya Fizikia ni ya vitendo, maswali matatu, alama 50. Mtahiniwa wa shule ana walimu, maabara na alama za maendeleo. Wa kujitegemea ana mtihani tu. Kwa hiyo ingizo hili nalirefusha makusudi.

Nilianza nyumbani. Jaribio la pendulamu halihitaji maabara: uzi, jiwe, saa ya simu, rula. Nilifunga uzi kwenye kenchi ya baraza, nikapima sentimita 50, nikahesabu mizunguko 20. Mchapuko wa uvutano, ambao hutakiwa uwe kama 9.8, ukatoka 9.1. Nikarudia, 9.1. Nikabadili jiwe, 9.1. Nilidhani saa ya simu ni mbovu.

Mwalimu aliangalia tu namna nilivyopima. Nilikuwa napima uzi hadi kwenye fundo, wakati urefu wa pendulamu unakwenda hadi katikati ya jiwe. Jiwe langu lilikuwa na sentimita 4 toka fundo hadi katikati. Kisha akanifanyisha jambo ambalo ndilo lililonifungua macho: nichukue vipimo sita vya urefu, vilevile vibovu, nichore grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu. Mwinamo wa mstari ukanipa 9.7. Vipimo vyote vina kosa, jibu limekuja sahihi! Ila mstari haukupita kwenye sifuri. Uliukata mhimili wa urefu kwenye sentimita 4 hasi. Zile sentimita za jiwe zilikuwa zimekaa pale kwenye karatasi zikinisubiri.

Miaka miwili nilikuwa nachora grafu kwa sababu swali limesema "chora grafu". Na nilikuwa nailazimisha ipite kwenye sifuri, kwa rula, kwa nguvu.

Halafu kuna jaribio la kupoa kwa maji ya moto. Hili linataka kipimajoto. Nikaenda duka la dawa, nikanunua cha 5,000, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotoa mvuke. Kikaandika H na kukataa kusema zaidi. Ndiyo, kile cha kupimia homa mwisho wake ni nyuzi 42 hivi, na ndiyo, nilikuwa nimesoma Baiolojia miaka miwili nikiwa na C. Kaka hadi leo ananiita Daktari H.

Maabara halisi tumepata Jumamosi kwenye shule moja kwa 10,000 kila mtu kwa kikao, tumefanya vikao vinne na vimebaki vinne. Kemikali tunachanga, fungu langu hadi mwisho limepangwa 24,000. Kwenye titresheni kosa langu lilikuwa ni kusoma bureti (mrija wenye vipimo) nikiwa nimesimama, jicho juu ya mstari; sasa napiga goti. Kwenye kutambua chumvi, nilikuwa naandika hitimisho kabla ya kuandika nilichokiona, kwa vile nimeshabuni jibu. Msahihishaji anasoma kwa mpangilio: nimefanya nini, nimeona nini, kwa hiyo nini. Ukiruka la kati, alama zake zimekwenda.

20 Aprili 2024

Malaria siku tisa. Hakuna la kuandika, ila nimepunguza: mada mbili za sumakuumeme nimeziacha kabisa, na mwalimu ameafiki. Karatasi ya pili inakuruhusu kuchagua maswali, na nitachagua nisikanyage huko. Kipimo cha mwisho kabla sijaugua: karatasi ya kwanza 58, ya pili 51. Kemia 66. Baiolojia imepanda yenyewe bila kelele, sijui niandike nini juu yake zaidi ya kwamba naipenda.

27 Mei 2024: Tumemaliza

Mambo matatu tu. Kwanza, nendeni kituoni siku moja kabla mkaione maabara yenyewe, meza na taa na bomba. Nilikwenda, na asubuhi ya mtihani sikuwa mgeni. Pili, kwenye karatasi ya pili ya Fizikia nilichagua swali kwa sababu lilionekana fupi, nikagundua katikati kwamba ni moja ya mada nilizoziacha. Dakika 25 zimekwenda. Swali fupi la Fizikia ni kama nyumba yenye mlango mdogo. Tatu, niliandika vizio vyote. Vyote.

14 Julai 2024: Matokeo

Fizikia D. Kemia C. Baiolojia B.

Pointi 9 kwa hesabu ya TCU, kutoka 5.5. Mama amepika pilau siku ya Jumapili isiyo na sikukuu. Mimi nilicheka, kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu, kwa sababu nilitaka C ya Fizikia, na nalijua lile swali fupi lililoichukua.

Vigezo vya udaktari sasa ninavyo, na pointi 3 za ziada. Foleni ni jambo jingine.

10 Agosti 2024: Maombi, makosa mawili

Tangu 2017 maombi hayapiti TCU moja kwa moja. Unaomba chuo chenyewe, na kila chuo ada yake. Mimi nimeomba vitatu kwa 10,000 kila kimoja. TCU wanatoa mwongozo wa udahili, mmoja wa waliotoka Kidato cha Sita na mwingine wa wenye sifa linganishi, unaoonesha kila kozi na sharti lake, pointi za chini na idadi ya nafasi. Watu husoma safu ya masharti wakaishia hapo. Someni safu ya nafasi. Kozi mbili zinaweza kuwa na sharti lilelile, moja ikiwa na nafasi nyingi na nyingine chache.

Kosa la kwanza ni ile P. Nilijaza fomu ya chuo cha pili kwa namba yangu ya 2023, yenye S, kwa mazoea ya vidole. Mfumo ukavuta matokeo ya zamani, ukaniambia sina sifa. Nilikwisha kulipa. Niliandika barua pepe ofisi ya udahili nikiwa na namba zote mbili, wakarekebisha baada ya siku nne. Siku nne ambazo sikulala.

La pili ni kubwa zaidi. Nilijaza udaktari peke yake, vyuo vyote. Shangazi yangu ni muuguzi, miaka ishirini wodini. Alikuja kutusalimia akataka kuona.

"Umejaza udaktari tu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ukikosa?"

Nikasema Mungu ni mwema.

"Mungu ni mwema, lakini fomu ina mistari mingine na umeiacha mitupu. Unamwachia nani aijaze?"

Nilikasirika. Nilihisi anasema sitoshi. Baadaye usiku, nikiwa na mwongozo mkononi, nikaona kwamba hakuwa akizungumzia ukubwa wa ndoto yangu, alikuwa akizungumzia foleni. MUHAS nimeweka udaktari wa tiba, halafu famasia, halafu digrii ya uuguzi. Vyuo vingine viwili nimeacha udaktari peke yake, kwa ukaidi.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nimeomba sambamba: 30,000 ya fomu, na kama 18,000 nyingine kwa uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), wakili na nakala. Anzeni na RITA, mengine yote yanasubiri namba yao. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alisaini bure akanipa na ushauri wa nusu saa.

8 Septemba 2024: Nimechaguliwa mara mbili, na simu haipigi

MUHAS, uuguzi. Na chuo kimoja cha binafsi, udaktari wa tiba.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyojaza. Siku ya kwanza namba haikuja. Siku ya pili haikuja. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba nilijazia fomu steshenari, na kijana wa pale ndiye aliyenitengenezea barua pepe. Nikarudi mbio. Alikuwa ameweka namba ya simu ya dukani, "ili isisumbue", na neno la siri ameliandika kwenye kijitabu ambacho mwenzake amekwenda nacho Korogwe. Nililipa pale 7,000 kwa huduma hiyo. Nikaomba namba upya ndani ya akaunti yangu na kubadili simu kupitia ofisi ya udahili. Ilifika dirisha likiwa bado halijafungwa. Akaunti, barua pepe na simu viwe vyako, hata kama unachapa kwa kidole kimoja.

Sasa uamuzi. Kule binafsi ada ni zaidi ya milioni sita kwa mwaka, kwa miaka mitano, na mkopo haujatoka wala haujulikani utafunika kiasi gani. MUHAS ni chini ya milioni mbili, miaka minne, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Mama anataka daktari. Kaka anataka Daktari H. Mjomba alisema tuuze kiwanja cha Pongwe, na alikuwa anamaanisha.

Nilikaa na shangazi kutwa moja, nikamuuliza anachofanya kazini, saa kwa saa, jambo ambalo katika miaka ishirini ya kuwa shangazi yangu sikuwahi kumuuliza. Sitaandika kwamba nuru iliniangazia. Niliona kazi ambayo ningeweza kuifanya vizuri, kwenye chuo nilichokitaka, bila kuuza ardhi ya watu. Nimethibitisha MUHAS. Usiku ule nililia kidogo kwa ajili ya ile kozi nyingine na sioni aibu kusema.

2 Novemba 2024: Upanga

Nimesajiliwa. Mkopo umetoka kwenye bechi ya pili, si wote. Tofauti anaibeba mama na mjomba. Nina kitanda, godoro nimekuja nalo kwenye basi.

Hesabu nzima, tangu kituo cha kwanza hadi maombi: 670,000. Humo, 177,000 ni ujinga mtupu: kituo kisicho na maabara 30,000, faini ya kuchelewa 15,000, tuisheni ya umati 120,000, kipimajoto 5,000, steshenari ya barua pepe 7,000. Iliyolipa kuliko zote ni 160,000 ya mwalimu, miezi minne, na 80,000 ya Jumamosi nane za maabara. Ya bure kabisa, ule uchambuzi wa NECTA, ningeilipia.

Marekebisho ya ingizo la 9 Septemba 2023: niliandika kwamba Fizikia peke yake ndiyo iliyonifungia nje. Si kweli. Hata kwa D ya Fizikia ningebaki na 7 na nisingechaguliwa hapa. Kemia kupanda hadi C na Baiolojia hadi B ndiko kulikonisogeza. Anayetaka kurudia somo moja kuokoa ada apige kwanza hesabu hiyo.

Karatasi zangu zote, mitihani ya nyuma na zile chambuzi, ziko kwa mama gengeni, kwenye boksi la nyanya chini ya mizani. Wa Tanga apite achukue, asalimie kwanza. Daftari la makosa la kwanza limo humo. La pili nimekuja nalo.